Mnunuzi wa kiwanja achimbe kabla ya kulipa

Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, viwanja vya ng'ambo ile vya Dar es Salaam vilipata wateja wapya, wengi wao wakiwa wawekezaji wadogo wenye nia ya kujenga vyumba vya kupangisha. Dalali humwonesha mteja barabara, nguzo ya umeme na, akibanwa sana, karatasi za umiliki. Udongo hauoneshwi. Hilo ni kosa la kibiashara, na hasara yake humwangukia mnunuzi.

Pasipo bomba la maji taka, kila nyumba hutegemea karo na shimo la kunyonya. Karo huzuia mabaki tu. Kuyapokea maji na kuyachuja ni kazi ya udongo.

Tuseme mwekezaji ana vyumba vinane na wapangaji 20, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku. Hizo ni lita 1,000. Udongo usiponyonya, gari la lita 5,000 litaitwa kila baada ya siku tano, yaani safari sita kwa mwezi. Mwenye nyumba alinganishe safari hizo na kodi ya vyumba vinane, aone kinachobaki.

Kipimo chenyewe si cha gharama. Huchimbwa kishimo hadi kina ambacho shimo la kunyonya litafikia, kikajazwa maji na kuachwa usiku kucha ili udongo ulowe. Kesho yake hutiwa maji tena, na saa ikatazamwa. Yakichukua zaidi ya dakika 60 kushuka milimita 25, mfinyanzi huo haufai. Lakini mchanga unaoyameza mara moja nao usishangiliwe, kwani maji huupita bila kuchujwa na kufika kwenye kisima, pengine cha jirani.

Ndiyo maana wataalamu hutaka kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na kisima kiwe umbali wa mita 30 au zaidi. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20, hesabu hiyo haiingii bila kuangalia visima vya majirani.

Madalali wanajua kuuza wakati wa kiangazi, maji yakiwa yameshuka. Hata hivyo ardhi huweka kumbukumbu: madoadoa ya kijivu na ya rangi ya kutu kwenye kuta za shimo huonesha maji hupanda hadi hapo wakati wa masika. Mnunuzi akiyaona kwenye kina cha mita moja, ana hoja nzito ya kushusha bei. Muuzaji akikataa shimo lisichimbwe, hiyo nayo ni taarifa ya soko.

Kiwanja kilichoshindwa si lazima kiachwe. Chaweza kuwa yadi ya matofali au bustani ya mboga, mradi kinunuliwe kwa bei ya yadi au ya bustani.