Mwembe Una Bei, Mto Hauna

Mwanakijiji akisikia "manufaa ya umma" ajue mzigo wake ufungwe. Neno tamu, lakini likishatamkwa shamba limekwenda. Sisi tunaojiita waandishi kazi yetu ni maneno, basi hebu tulikabe koo hili moja.

Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi yoyote kwa manufaa ya umma. Tangazo linachapwa katika Gazeti la Serikali. Wewe umewahi kuliona gazeti hilo kwa muuza magazeti? Wiki 6 zinapita, na jambo likiitwa la haraka hata hizo 6 hazingojwi. Na ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Miaka yote hiyo watu walihamishwa kwa lugha wasiyoijua!

Msinielewe vibaya. Maji tunayataka. Dar es Salaam inaishi kwa Mto Ruvu: mtambo wa Ruvu Juu tangu 1959, wa Ruvu Chini tangu 1976. Mwishoni mwa 2022 mto ulipopungua, jiji lilihaha na ndoo mchana na usiku. Hiyo ndiyo hoja ya bwawa la Kidunda kule Morogoro Vijijini, lililopangwa kuhifadhi lita bilioni 190. Sawa, lijengwe. Ila bwawa halikai hewani. Linakaa bondeni, na bondeni kuna wenyewe.

Wenyewe hao wanalipwaje? Sheria inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Ikipita miezi 6 bila kulipwa, riba inaanza kuhesabiwa. Mthamini anakuja na karatasi zake: ardhi kwa bei ya soko, nyumba, mwembe, mgomba, posho ya usumbufu, usafiri, pango, faida iliyopotea. Vizuri. Sasa tafuta humo fungu la mto. Tafuta tena. Halipo!

Mto ule ambao mama alichota bure, uliomwagilia mchicha wakati wa kiangazi, uliomlisha mtoto perege, hauna bei. Kisa? Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote ni ya umma, Rais ni mdhamini tu. Lakini sheria hiyohiyo inatambua haki za maji za kimila! Haki inayotambuliwa kitabuni na kusahauliwa siku ya kuthamini ni haki gani, jamani? Hiyo ni danganya toto.

Wakubwa watajibu kwamba mto hauwezi kupigiwa hesabu. Hata ardhi walisema hivyohivyo. Kwa sheria ile ya 1967 ardhi tupu haikuwa na fidia, ulilipwa ulichojenga na ulichopanda, basi. Zikaja sheria za ardhi za 1999, ardhi yenyewe ikapata thamani. Mbingu hazikuanguka. Kalamu iliyoipa ardhi bei ishindwe na mto? Fungu liongezwe: anayeondolewa mtoni alipwe mto wake, na huko anakopelekwa akute maji yanatoka, si ahadi ya maji.

Na sisi vijana wa kalamu? Kila riwaya yetu ina mto unaotiririka kwa madaha, msichana na mtungi, basi tumemaliza kijiji. Nani ameandika juu ya siku mthamini alipofika? Mambo ndiyo hayo, nasi tumekazana na mapenzi ya disko.

Umma ni sisi wa bombani na wao wa bondeni. Kama umma ni wa bombani peke yao, sheria iache kuzunguka mbuyu. Waandike "manufaa ya mjini", tujue moja.