"Hakuwa na Taa"

Hayo ndiyo maneno yanayofunga kesi. Mtu wa baiskeli akigongwa gizani, kabla hata hajafikishwa hospitali, yupo atakayesema: hakuwa na taa. Dereva anatikisa kichwa kwa huzuni, watu wanaitikia, na aliyelala pembeni ya lami anageuka kuwa mkosaji. Nimeyasikia barabarani na nimeyasikia msibani, yakisemwa na watu wema kabisa. Sibishi kwamba mara nyingi ni ya kweli. Ninachobisha ni kwamba yanatosha.

Mimi ni mbeba asali. Kutoka Nyantakara natembea na baiskeli yenye madumu matatu ya lita ishirini, mawili ubavuni na moja juu ya keria. Anayeniambia "si usafiri mchana?" hajawahi kusukuma mzigo huo mlimani saa saba. Tena hajui jua la huku. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, lakini Dar es Salaam iko mashariki mwa sisi kwa nyuzi kama nane, na kila uzi mmoja ni dakika nne. Huko kunapopambazuka sisi tunangoja kama nusu saa nyingine. Saa kumi na mbili asubuhi, redio ikisoma habari, Biharamulo bado ni giza. Mwenye gulio hangoji. Mwenye lori la Rusumo naye hangoji.

Malori hayo ndiyo yanayonifanya niandike. Ukitoka kwenye vumbi ukaikamata lami, uko kwenye njia ya Rwanda na Burundi. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilomita 92, na usiku mashine kubwa hazipungui. Ng'ambo ya daraja la Rusumo wanaendesha kulia, sisi tunaendesha kushoto. Baadhi ya malori yanayovuka yametengenezwa kwa nchi za kulia, na taa zake hata zikishushwa hutupa mwanga mwingi upande wa kulia, kwa sababu kwao huko ndiko ukingo wa barabara uliko. Huku kwetu, kulia kwake ni machoni pangu. Kwa sekunde kadhaa sioni lami, sioni ukingo, sioni hata mikono yangu. Hiyo si habari ya uzembe wa mtu. Ni chuma kilichopangwa kwa barabara nyingine.

Basi taa ya baiskeli ina kazi mbili, na watu wanazichanganya. Kunionyesha njia ni kazi moja. Kunifanya nionekane ni nyingine. Tochi ya kichwani, ambayo vijana wa kwetu wanaiapia, haifanyi vizuri hata moja. Najua ni rahisi, najua inauzwa kila duka. Lakini mwanga unaotoka karibu na jicho huifanya barabara ionekane bapa kama karatasi. Shimo huonekana kwa kivuli chake, na kivuli hicho hakionekani kama taa na jicho viko mahali pamoja. Msimu wa kiangazi, lori likishapita, vumbi linaning'inia hewani na tochi ya kichwani inalimulika puani pako: unaona ukuta mweupe tu. Na ukigeuza kichwa kumsalimu mtu, baiskeli yako imebaki bila taa.

Taa ifungwe kwenye baiskeli, na ifungwe chini. Baiskeli nyingi nzito, zile za kutufikisha sote uzeeni, zina kikono cha chuma shingoni, mbele ya usukani. Kilitengenezwa kushika taa. Huku kinatundikiwa mfuko wa rambo. Kama hubebi kitu mbele, kitumie. Ukibeba mkungu wa ndizi au kikapu mbele, kikono hicho hakifai, maana mzigo utaifunika taa na kazi yote itakuwa kuangaza ndizi. Shuka hadi juu ya uma, pale bolti ya madigadi ilipo. Toa bolti, weka ndefu zaidi, pachika kipande cha chuma bapa kilichokunjwa, kisha kati ya chuma na taa weka tabaka mbili za mpira wa chubu kuukuu. Mpira ule si wa kubana tu. Barabara ya changarawe hutetemesha nati mpaka zifunguke zenyewe, na taa inayoanguka ndani ya spoku ni mbaya kuliko giza.

Juu ya pembe ya mwanga, Wajerumani walishaifikiria kwa niaba yetu. Kanuni yao ya zamani ilisema katikati ya mwanga, mita tano mbele ya taa, pawe nusu ya kimo cha taa yenyewe. Yaani mwanga uiguse ardhi mita kumi mbele. Inapimika kwa ukuta wa nyumba na kipande cha mkaa, bila kifaa kingine. Ukiinyanyua zaidi, unampofusha anayekuja halafu unashangaa anakusogelea.

Umeme? Dinamo ya chupa, ile inayosugua tairi, hutoa volti sita na wati tatu, na kwa taa za LED za siku hizi hiyo ni nyingi. Walaumu wake wana hoja mbili za haki: inateleza kwenye tope, na ukisimama inazimika. Mafundi wetu wanajua dawa ya hoja ya pili, betri ya simu mbovu iliyofungwa chini ya kiti. Fundi anayefufua simu iliyotumbukia kwenye chai hawezi kushindwa na waya mbili.

Nyuma ndiko aibu yetu iliko. Baiskeli mpya huja na rifleta ndogo nyekundu kwenye madigadi. Pakia gunia, pakia madumu, iangalie tena. Haipo. Mzigo umeimeza. Mwenye duka anajua baiskeli ile inanunuliwa kwa mizigo, na rifleta iko palepale kana kwamba tutapanda na Biblia mkononi kwenda kanisani. Mimi yangu nimeihamishia kwenye dumu la nyuma, nimeifunga na waya, na taa nyekundu iko juu yake. Kila safari naifungua na kuifunga upya. Hiyo ni kazi ya dakika tano ambayo mtengenezaji angeimaliza kwa mabomba mawili yanayotokeza nyuma ya keria.

Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri barabarani unataka baiskeli iwe na mwanga mweupe au wa njano mbele, mwekundu nyuma, pamoja na rifleta nyekundu. Ufaransa kuna safari ya baiskeli, Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200, iliyoanza mwaka 1891. Huruhusiwi kuendesha usiku bila taa zilizofungwa kwenye baiskeli, mbele na nyuma. Wale wanafanya kwa kupenda, wakiwa na maji ya chumvi na chokoleti mfukoni. Wa kwetu anaendesha umbali wa kutosha kila wiki akiwa na karo ya mtoto ndani ya dumu, na anauziwa baiskeli yenye kengele, stendi na keria, bila taa. Kengele! Nani kwenye lori la tani thelathini anasikia kengele?

Ninachotaka ni kidogo. Baiskeli isitoke dukani bila taa mbili na mahali pa kuzifunga ambapo mzigo haufiki. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikija, magari yakibandikwa stika, iwekwe meza moja ya fundi baiskeli mwenye bolti ndefu na mpira wa chubu. Na ripoti ya ajali, kabla ya kuandika kwamba marehemu hakuwa na taa, iandike pia taa za lori zilikuwa zikimulika upande gani.

Nilimwuliza muuza baiskeli mmoja kwa nini haweki taa. Akasema wateja hawaziulizi. Nikamwuliza kama kuna mteja aliyewahi kuulizia kengele. Akacheka, akaingia ndani kutafuta chenji yangu.