UNAMKIMBILIA AU UNAMKIMBIZA?

Ujumbe wa leo ni mrefu. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Mwezi wa Juni, huku kwetu kukiwa na baridi na manyunyu, kijana wetu mmoja aliye Marekani alituma picha katika grupu la kanisa. Kule ni majira ya joto. Amevaa fulana ya rangi za upinde wa mvua, namba kifuani, jasho linamtiririka. Alikuwa amekimbia mbio za hisani New York, katika bustani ya Central Park. Mbio hizo huandaliwa na klabu ya wakimbiaji inayoitwa Front Runners, na zilianza mwaka wa 1982. Ni mbio za kuunga mkono jamii ya LGBT, watu ambao huku tunawaita mashoga na wasagaji, pamoja na majina mengine ambayo sitayaandika hapa.

Dakika kumi hazikuisha. Mmoja akaandika kwamba ameuza imani kwa dola. Mwingine akakemea pepo. Mwingine akauliza kama mama yake bado anafaa kuongoza maombi ya akina mama. Usiku huo mama akanipigia simu akilia: "Pasta, mtoe kwa grupu kabla hawajanimaliza."

Nikamtoa. Mimi niliyembatiza sikumuuliza hata swali moja.

Siku tatu baadaye akaniandikia mwenyewe: "Pasta, unamkumbuka rafiki yangu aliyekuwa akipiga kinanda? Baba yake alimfukuza usiku akiwa kidato cha tatu, kwa sababu ya yale maneno ya watu. Alikuja kwako kwanza. Mimi nilikimbia kwa ajili yake."

Wapendwa, ni kweli alikuja. Nilikuwa natoka kwenda kwenye kesha. Nilimwambia arudi nyumbani, atubu kwa baba yake, halafu tutaongea. Hakurudi nyumbani, na kwangu hakurudi. Nilienda kesha nikahubiri juu ya upendo wa Mungu, na watu wakasema Amina.

Basi leo sihubiri dhidi ya kijana aliyekimbia. Nahubiri dhidi yangu, na dhidi ya wachungaji wenzangu, na dhidi ya kila aliyeandika katika grupu lile.

Sisi watu wa mlimani mbio tunazijua. Hapa Meru, kule Lewa, watu hukimbia kila Juni tangu mwaka wa 2000, kati ya pundamilia na twiga, na pesa huenda kwa wanyamapori, shule na hospitali. Mwaka wa 2014 zilianza mbio za Beyond Zero, kwa ajili ya akina mama wanaojifungua na watoto wao. Wakristo wengi wamekimbia, na mimi nasema Amina, maana faru naye aliumbwa na Mungu. Lakini faru wa Lewa ana askari wa kumlinda usiku na mchana. Mtoto aliyefukuzwa kwao saa nne usiku na nguo za shule mkononi, nani anamlinda?

Mnaniuliza: Pasta, Mkristo anaweza kukimbia mbio kama zile? Kabla sijakujibu nakuuliza, mbio zile zinahitajika kwa nini? Katika mji huo huo wa New York kuna nyumba inaitwa Ali Forney Center, iliyoanzishwa mwaka wa 2002. Imepewa jina la kijana aliyekuwa akiishi mitaani, akauawa mwaka wa 1997 akiwa na miaka 22. Kazi yake ni kuwapa vijana wa jamii hiyo kitanda na chakula, na wengi wao walifukuzwa na wazazi. Wazazi wa kanisa pia wamo. Tukishamtupa mtoto barabarani, tusishangae anapookotwa na mtu mwingine. Na tusimtukane aliyemwokota.

Sasa fungua Biblia tuone nani anakimbia.

Luka 15, mstari wa 20. Baba anamwona mwanawe angali mbali, naye anakimbia. Mzee mwenye heshima zake, mwenye watumishi, anakimbia mbele ya majirani! Anamkumbatia kabla kijana hajamaliza kusema toba yake. Mimi nilidai toba kwanza, ndipo mazungumzo. Baba yule hakufanya hivyo.

Matendo 8, mstari wa 30. Filipo anakimbia kulifikia gari la towashi wa Ethiopia. Ukisoma Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 1, utaona mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Sisemi towashi ni sawa na shoga, msinisingizie. Nasema alikuwa mtu aliyefungiwa mlango na sheria, na Roho Mtakatifu ndiye aliyemtuma Filipo kwake. Filipo hakusimama barabarani apige kelele gari likipita. Alipanda, akaketi naye, akaanza na kile mtu yule alichokuwa akisoma.

Lakini kuna mwingine anayekimbia. 2 Wafalme 5: Gehazi anamkimbilia Naamani ili apate fedha na mavazi. Wapo watumishi leo wanaokimbilia jambo hili la mashoga kwa sababu linajaza viti na linaongeza wafuasi mitandaoni. Ukihubiri juu ya mishahara isiyolipwa ya vibarua wa shamba la mzee wa kanisa, sadaka inapungua. Ukihubiri juu ya mashoga, watu wote wanasimama, maana kila mtu anadhani dhambi inayotajwa ni ya jirani.

Na tunajua mahubiri ya namna hiyo huishia wapi. Mwezi wa Februari 2010, kule Mtwapa, ulienea uvumi wa harusi ya wanaume. Viongozi wa dini, Waislamu na Wakristo, walipaza sauti. Kundi la watu likavamia kituo cha afya ambako watu walikuwa wakipata huduma za Ukimwi, na watu wakapigwa. Wale nao walikimbia, lakini walikuwa wanamkimbiza mtu.

Najua majibu yenu. "Pasta, umelainika." Sijalainika. Ninachofundisha juu ya ndoa mnakijua, na sijakibadilisha. Lakini sijaona andiko linalosema mafundisho ya ndoa yanalindwa kwa kumnyima mtoto ugali.

"Pasta, sheria ya Kenya inakataza." Ni kweli, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado viko, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Lakini vifungu hivyo havikukupa wewe rungu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana utu wa kuheshimiwa. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya makao, chakula, na malezi ya wazazi. Hakikuweka orodha ya watoto wasiohusika. Mzazi anayemfukuza mtoto wa miaka kumi na sita ndiye anayevunja sheria.

"Pasta, haya ni mambo ya Wazungu." Yule mpiga kinanda alizaliwa hapa, akatahiriwa hapa, akala githeri ya hapa. Hata kama kila kitu kingine kilitoka ng'ambo, kilio cha mama yake kilikuwa cha hapa hapa.

Kwa hiyo, je, Mkristo akimbie mbio zile? Kijana wangu alikimbia kwa sababu mchungaji wake alibaki ameketi. Sina mdomo wa kumhukumu. Ninyi mnaoona mbio zile hazifai, onyesheni zinazofaa. Fungueni chumba kimoja nyumbani. Mpigie simu mtoto uliyemfukuza. Kilomita ngapi kutoka kwako hadi alipo?

Jana nilimrudisha kijana wetu katika grupu. Bado hajaandika neno. Atakayemtukana, nitamtoa huyo anayetukana, awe shemasi au mzee. Jumapili nitaomba msamaha kwa mama yake mbele ya kanisa, maana alipigwa mawe mbele ya kanisa.

Na wewe uliyekuwa ukitupigia kinanda, kama ujumbe huu utakufikia: nilikosa. Njoo, au niambie uliko nije mimi. Hakuna sharti la kwanza.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa watoto tuliowakimbiza kwa jina lako. Walinde usiku huu popote walipolala. Tupe miguu ya kuwafuata. Katika jina la Yesu, Amina.

Usiandike Amina hapa chini kabla hujapiga ile simu.

Mchungaji wenu.