Wapigeni Picha Magunia

MLIMANI WIKI HII
Na Petro Singano, Rangwi

Vijana wa hapa Rangwi wananiita mhafidhina, nami sikatai. Napenda hodi ya mara tatu, napenda mgeni asubiri uani mpaka aambiwe karibu, na napenda filamu za zamani. Hilo la mwisho ndilo linalowachekesha zaidi, maana wao wanaamini filamu zilianza na Kanumba.

Milima hii ya Usambara ilikuwa na kituo cha filamu kabla baba zao hawajazaliwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri, juu ya Korogwe, Meja Notcutt na mwenzake Latham walitengeneza filamu 35 kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Waigizaji walikuwa watu wa kawaida tu. Sauti haikuwa kwenye mkanda. Ilitoka kwenye santuri iliyochezwa pembeni. Lori likabeba mitambo na kuzunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likiwafundisha Waafrika kuishi.

Filamu mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Vibarua wawili wanapata ujira. Mmoja anaupeleka posta, wa pili anaufukia ndani ya kibanda chake. Mwizi anakuja, anafukua, anaondoka nao. Somo limekwisha, kila mtu arudi kwake.

Mimi namwonea huruma yule wa pili. Waliotunga hadithi walimfanya mjinga, lakini alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikitoa bure: hakuna karani aliyejua ana shilingi ngapi. Katika enzi za kodi ya kichwa, hilo halikuwa jambo dogo. Na msidhani nazua, maana Vugiri walitengeneza filamu ya kodi pia.

Walitengeneza na ya mmomonyoko wa udongo. Hiyo haikukaa sana kwenye pazia, ilitufuata shambani. Kuanzia mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, kisha Usambara nzima miaka ya 1950, wakulima waliamriwa kulima kwa matuta, na asiyefanya akatozwa faini. Wazee walikataa, mpango ukafa mwaka 1957, na hasira ile ikawa mtaji mzuri kwa chama cha TANU. Matuta yenyewe yalikuwa na faida kwa udongo, sibishi. Kilichouma, ukiacha mgongo, ni mkaguzi kuingia shambani mwa mtu kama anaingia kwake.

Ndiyo maana uhafidhina wangu unawachanganya watu. Wanadhani mhafidhina ni mtu anayetaka serikali yenye kiboko. Mimi nataka serikali inayojua kubisha hodi. Jambo ninalolipenda kuliko yote katika siasa ni kile kituturi cha kupigia kura, mahali pekee ambapo raia anaipa serikali mgongo na serikali inatulia. Hata enzi za chama kimoja tulikuwa nacho: mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walisimama kwa alama ya jembe na nyumba, na mkeo hakujua uliweka wapi. Wenzetu Kenya mwaka 1988 walipangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea, mchana kweupe, mbele ya chifu. Kila mtu alionekana amesimama wapi, na bado mwenye mstari mfupi aliweza kutangazwa mshindi!

Sasa tuna sheria. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake, na mwaka 2022 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nimeifurahia. Inafaa hasa kwa wale wa mikopo ya simu, kausha damu wa kisasa, ambao ukichelewa siku mbili wanawatumia ujumbe shemeji yako, katekista na mwalimu wa mwanao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Vizuri sana.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna programu inayolifanya, tunalifanya wenyewe. Anakuja kiongozi na magunia ya unga. Nyuma yake vijana wenye kamera. Bibi anatolewa ndani, anasogezwa kwenye mwanga, anashikishwa gunia, anaambiwa atabasamu, kisha atabasamu tena kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. Jioni yuko kwenye makundi ya WhatsApp hadi Tanga mjini, na kanga yake iliyochanika.

Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mwigizaji. Alicheza katika Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwangu mimi hakupungukiwa na heshima hata kidogo. Alijua kamera iko wapi, na ilipozimwa alikwenda nyumbani akiwa Kawawa. Bibi yule kamera ikizimwa anabaki na shida ileile, ila sasa inajulikana na wilaya nzima. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuigiza.

Watu wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, nao nawaelewa zaidi, ingawa roho inaniuma. Majina ya kaya maskini yanapitishwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wote, ili mwenyekiti asijaze ndugu zake. Dawa ya upendeleo ni uwazi, na upendeleo tunaujua. Hata hivyo nadhani yapo mambo ya kusema hadharani na ya kusema ofisini. Jina lisomwe. Kwamba mume alikimbia, kwamba watoto wanalala na njaa, hayo mjadala wake ufanywe na wachache wenye kujua kufunga mdomo.

Kamera ya mgawa unga haina utetezi huo. Nimelisema hili kwa diwani mmoja mstaafu, rafiki yangu, akanijibu kwamba bila picha wafadhili hawaamini msaada umefika. Basi wapigeni picha magunia.