Kenya isimamie neno lake kuhusu mafuta ya meli

Robota la mitumba linalofunguliwa alfajiri katika soko la Gikomba, Nairobi, lilishuka melini Mombasa likiwa ndani ya kontena. Chuma ambacho mafundi wa Jua Kali wa Kamukunji hukifua kuwa makarai na masanduku nacho, kwa sehemu kubwa, kilipita baharini. Mkazi wa Shauri Moyo anayeitegemea biashara hiyo ana haki ya kujua meli hizo zinachoma nini, na nani atalipa zitakapobadilisha mafuta. Wenye wajibu wa kumweleza wamenyamaza.

Meli nyingi bado zinachoma mafuta mazito, yale masalia yanayobaki mafuta ghafi yakishasafishwa. Usafiri wa baharini hutoa takriban asilimia 3 ya gesi zinazoipasha dunia joto. Julai 2023, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) zilikubaliana uchafuzi huo ushushwe hadi sifuri halisi kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo. Methanoli na amonia safi zipo, lakini ni ghali, na ni wenye meli wachache watakaozinunua kwa hiari huku mafuta machafu yakiuzwa rahisi. Ndiyo maana tozo kwa uchafuzi inahitajika.

Kenya ililijua hilo na ikalitamka. Septemba 2023, Rais William Ruto alipokuwa mwenyeji wa viongozi wa Afrika jijini Nairobi, Azimio la Nairobi liliutaka ulimwengu uweke tozo ya kaboni, usafiri wa baharini ukiwemo. Oktoba 2025 mpango wa aina hiyo ulifika mbele ya IMO jijini London: meli kubwa zinazovuka kiwango cha uchafuzi kilichowekwa zilipe dola 100 hadi 380 kwa kila tani ya ziada ya gesi hizo. Marekani na Saudi Arabia zikaupinga vikali. Kwa kura 57 dhidi ya 49, uamuzi ukaahirishwa kwa mwaka mmoja.

Hofu ya bei si ya kupuuzwa. Mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozilazimisha meli kuzunguka kusini mwa Afrika kuanzia mwishoni mwa 2023, nauli ya kontena ilipanda, na hakuna aliyemuuliza mama wa Gikomba kama anaimudu. Kwa hiyo wajumbe wetu wana wajibu wa mambo mawili yasiyotenganishwa: kuitetea tozo, na kudai fedha zake zifike kwanza katika nchi ambazo bidhaa zake zitapanda bei. Kuunga mkono tozo bila kudai mgao ni kumtwika mchuuzi gharama za uchafuzi asioufanya. Kujificha nyuma ya bei nako ni kulikana azimio lililobeba jina la jiji letu.

Upo pia wajibu usiongoja kura ya London. Bandari ya Mombasa ilihudumia zaidi ya makontena milioni 2, kwa kipimo cha kontena la futi 20, mwaka 2024. Meli ikikaa gatini bila umeme wa nchi kavu, injini zake huunguruma usiku na mchana na moshi huwashukia watu wa Likoni na Shimanzi. Haya yanatokea katika nchi ambayo takriban asilimia 90 ya umeme wake ni safi, sehemu kubwa ukitoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria. Mamlaka ya Bandari (KPA) itangaze tarehe ambayo kila gati kuu litakuwa na umeme wa kuunganishwa melini. Chuo cha Bandari Maritime Academy kiwafunze mabaharia na makuli kuhudumia amonia, gesi yenye sumu inayoweza kuua watu gatini ikivuja, kabla meli ya kwanza ya aina hiyo haijatia nanga.

Wizara inayosimamia masuala ya baharini ichapishe kwa Kiswahili msimamo itakaoupeleka London, pamoja na makadirio yake ya nauli ya kontena moja kutoka ng'ambo hadi Nairobi. Ifanye hivyo kabla ya wajumbe kupanda ndege, na iwaite wafanyabiashara wa Gikomba, Kamukunji na Shauri Moyo iwasikilize.