Mliokuja Juzi, Msijiite Wafuasi



Kila tunapokutana, iwe ni katika ukumbi wa kanisa baada ya ibada au chini ya miti ya uwanja wa shule, tunaziona sura ambazo hazikuwapo mkutano uliotangulia. Hilo hutufurahisha. Hata hivyo, wakati wa kujitambulisha unapofika, wageni wetu husema maneno yale yale kana kwamba wamepatana njiani: wamekuja kusikiza tu, wao si wanasiasa.

Juzi mama mmoja aliyeketi karibu na mlango alisema hivyo hivyo, kisha akaeleza kilichomleta. Zahanati ya kijijini kwao ilijengwa ikakamilika, ikapakwa rangi, ikatiwa kufuli, na tangu siku hiyo haijafunguliwa. Wajawazito hupita mlangoni pake wakielekea hospitali iliyo mbali. Mama huyu alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani yuko tayari kufuatana naye kwenda kuuliza sababu. Alipata majina 22. Karatasi yenye majina hayo ilikuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Baada ya kuyasema hayo yote akatuomba radhi kwamba yeye hajui lolote kuhusu harakati.

Tulitazamana. Miongoni mwetu walikuwamo watu waliohudhuria makongamano kumi na wasiowahi kuandika majina 22 ya majirani zao.

Ni kwa ajili ya mama huyo, na wote walio kama yeye, tunayaandika haya. Tunashikilia kwamba aliyeshika karatasi ile ni mwanaharakati wa mashinani, sawa na yeyote aliyewahi kusimama jukwaani, na kwamba ni hatari kwake na kwa nchi akiendelea kujiita jina jingine.

Tunaelewa kwa nini jina hilo linaogopwa. Wako wanaosoma ukurasa huu ambao wanaikumbuka miaka ya 1986 na 1987, wakati wa kesi za Mwakenya, ambapo Wakenya walipelekwa jela kwa sababu ya karatasi waliyopatikana nayo tu. Wako walioiona Saba Saba ya mwaka 1990 kwa macho yao. Na vijana wetu hawahitaji kusimuliwa hadithi za zamani, kwa kuwa katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, na tena mwezi Juni na Julai mwaka 2025, makumi ya watu waliuawa na wengine walitekwa nyara majumbani na barabarani. Mzazi anayemwambia mwanawe asijiite mwanaharakati hasemi upuuzi. Hatutamkaripia. Tunamwomba tu aone kwamba mtu aliye peke yake ndiye aliye rahisi kutishwa, na kwamba majina 22 katika karatasi moja ni ulinzi ambao mtazamaji mmoja aliyekaa nyuma hana.

Sababu ya pili ya kulikwepa jina hili tumeirithi kutoka kwenye mimbari. Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba siasa ni mchezo mchafu na kwamba Mkristo mwema hupiga kura, huombea viongozi, kisha hurudi nyumbani. Sisi tunaopenda kanisa hatuna budi kuuliza fundisho hili lilimfaa nani. Mwaka 1986, chama tawala kilipoamua kwamba wananchi wajipange foleni nyuma ya wagombeaji mchana kweupe, viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupinga mlolongo huo. Uchaguzi wa mwaka 1988 ulipofanywa, walioonya walithibitika kuwa wakweli: mahali pengine foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, na aliyetangazwa kupita asilimia 70 aliingia Bungeni bila kura ya siri. Siku ya kwanza ya mwaka 1990, Kasisi Timothy Njoya alihubiri akiuliza kama utawala wa chama kimoja ungeweza kudumu hapa wakati ulikuwa ukianguka Ulaya Mashariki. Alitukanwa na wakubwa kwa mahubiri hayo. Kabla ya miaka miwili kwisha, mwezi Desemba 1991, kifungu cha 2A kilichoihalalisha dola ya chama kimoja kilikuwa kimefutwa.

Na anayetaka Maandiko ausome mlango wa tatu wa kitabu cha Nehemia, mlango ambao wahubiri wengi huuruka kwa kuwa umejaa majina. Ukuta wa Yerusalemu haukujengwa na mafundi wa ukuta. Walikuwamo makuhani, wafua dhahabu, mfanya marhamu, wafanyabiashara, na mtu mmoja aliyekuja na binti zake. Wengi wao walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Wamo pia wakuu wa mji mmoja walioona kazi hiyo haiwafai, nao wameandikwa. Hakuna aliyeandikwa kwamba alikuja kusikiza.

Wapo wanaodhani kwamba jina la mwanaharakati ni mali ya watu wakubwa, wale ambao picha zao zimo magazetini. Tukumbushane basi jinsi baadhi ya watu hao walivyoanza. Tarehe 28 Februari 1992, wanawake wazee kadhaa, wengi wao kutoka mashambani, walifika Nairobi kudai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Hawakuja kuunda chama. Walikuja kama mama. Walianza kufunga chakula katika bustani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai akiwa pamoja nao, na tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Baadhi ya mama hao walivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila Mwafrika aliielewa. Kutoka hapo walihamia katika Kanisa Kuu la All Saints, wakaendelea na mkesha wao humo kwa karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipokuwa huru. Lau mtu angewauliza siku walipopanda gari kuja mjini, bila shaka wangesema kwamba wao si wanasiasa.

Profesa Maathai mwenyewe alifahamu vyema uzito wa jina. Vuguvugu la Green Belt lilipoanza mwaka 1977, wataalamu walishikilia kwamba kazi ya miti ni ya wenye diploma. Wanawake wa vijijini walipoonyesha kwamba wanaweza kuotesha na kutunza miche kwa maarifa ya shambani, yeye aliwaita wanamisitu wasio na diploma. Hakuwaita wasaidizi wa mradi. Anayejua tabia ya watu anaelewa tofauti iliyopo: msaidizi hungoja kuagizwa, na mwenye kazi huamka asubuhi kuutazama mche.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Vuguvugu letu limewahi kuumia vibaya kwa kuwa na wafuasi wengi na wanaharakati wachache. Mwezi Agosti 1991, Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku na wenzao walipotangaza FORD, nchi nzima ilisisimka. Ilionekana kwamba hakuna kitakacholizuia wimbi lile. Lakini umati ule ulikuwa umefundishwa kuinua vidole viwili na kulitaja jina la kiongozi wake. Haukufundishwa kukaa katika tawi lake na kuamua jambo. Viongozi walipogombana mwaka 1992, hapakuwa na mtu wa chini aliyekuwa na nguvu za kuwaambia waketi. FORD ikapasuka kuwa Ford-Kenya na Ford-Asili, na wafuasi wakagawanyika usiku mmoja, kila mmoja akimfuata wa kwao. Ndugu waliokuwa wamekimbizwa pamoja na polisi wakaanza kuitana wasaliti. Mwezi Desemba mwaka huo Rais Moi alirudi madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walikuwa wametaka mtu mwingine, wakakosa, kwa kuwa kura zao ziligawanywa kati ya wakubwa wetu.

Wapo wanaosema lawama yote ni ya wakubwa hao. Sisi tunajilaumu pia. Tuliwafanya wenzetu wa mashinani kuwa umati wa kujaza viwanja.

Wala hatukujifunza upesi. NARC iliposhinda mwaka 2002, wenzetu wengi waliingia serikalini, na sisi tuliobaki tukakunja mabango tukidhani kazi imekwisha. Tuliahidiwa katiba mpya katika siku 100. Ilipatikana tarehe 27 Agosti 2010, baada ya damu nyingi kumwagika kufuatia uchaguzi wa mwaka 2007. Anayemfuata mtu huenda nyumbani mtu huyo anapopata kiti. Lakini yule mwenye karatasi ya zahanati haendi nyumbani mpaka zahanati ifunguliwe, hata aliyeshinda awe ni mjomba wake.

Wanasiasa nao hulitumia neno mashinani kama mkulima atumiavyo neno shamba: mahali pa kuvuna, kisha pa kuachwa hadi msimu mwingine. Katiba ya mwaka 2010 imeliweka jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Kifungu cha 1 chasema mamlaka yote kuu ni ya wananchi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 37 haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha. Maneno hayo yalipiganiwa. Hata hivyo, yamebaki vitabuni katika wadi nyingi kati ya wadi 1,450 za nchi hii kwa sababu hakuna mtu wa kuyabeba hadi ofisini.

Kuyabeba si kazi ya ajabu. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2012 ya usimamizi wa fedha za umma, serikali ya kaunti hutakiwa kupeleka makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na bunge hilo huyapitisha kufikia Juni 30 baada ya kuchukua maoni ya wananchi. Katika wiki hizo mikutano hufanywa. Mara nyingi ukumbi hujazwa na watu walioletwa kwa gari, wakapewa soda na nauli, wakapiga makofi. Watu watano waliosoma ukurasa wa wadi yao, wakauliza kwa upole kwa nini kituo kilichotengewa fedha mwaka juzi kinatengewa tena mwaka huu, huubadilisha mkutano huo mara moja. Tumeliona hilo. Tumeona pia ofisi moja ikitwambia kwamba kitabu cha bajeti si cha kuonyeshwa kila mtu, nasi tukatoka kichwa chini kwa sababu hatukuijua sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa habari. Sheria hiyo humpa ofisa siku 21 za kujibu ombi la raia, na anayenyimwa anaweza kupeleka malalamiko kwa tume inayosikiza manung'uniko dhidi ya ofisi za serikali. Siku ile tungeiandika barua palepale mezani. Hatukuiandika.

Lazima tukiri jambo moja, sisi tulio wa zamani. Mgeni anapofika kwetu huwa tunampa kiti abebe, au fulana avae, au jina la kupiga vigelegele. Mwaka mzima hupita kabla hajaulizwa maoni yake. Kisha tunashangaa kwamba haonekani tena. Tumekuwa kama wazee wa kanisa fulani wasiokubali kijana ashike hata sahani ya sadaka, halafu wanalia kwamba vijana wamehama. Vijana wa mwaka 2024 walijitokeza bila kutungoja, wakausoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za makwao, na Rais akakataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni. Hawakuwa na mwenyekiti. Baadhi yetu bado wanawauliza ni nani kiongozi wao, swali ambalo polisi pia walikuwa wakiuliza.

Kwa hiyo, mkutano ule wa juzi, hatukumpa yule mama kiti cha kubeba. Tulimwomba aje mezani asome majina yake 22 kwa sauti. Alisita, akayasoma. Alipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya tangu mwanzo alisema kwamba mwanakandarasi wa zahanati ile anadai hajalipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake, na kwamba yeye anajua mahali palipobandikwa tangazo la zabuni. Barua iliandikwa kabla ya watu kutawanyika. Ilitiwa sahihi na mama huyo kwanza, kwa kuwa ndiye aliyeianzisha, kisha na wengine. Ilipelekwa ofisini siku ya Jumatatu, na nakala ikapigwa muhuri wa kupokewa.

Siku 21 hazijatimia bado. Zitakapotimia watu 23 watakwenda kuuliza jibu, na mama huyo amekubali kuwa ndiye atakayeshika kitabu cha kumbukumbu. Wanaotoka katika wadi za jirani na walio na jengo lililofungwa kama lile wanaweza kuja kuona jinsi barua ilivyoandikwa. Waje na karatasi zao.