Sufuria ndogo ya mbwa na kicheko chetu kanisani



Leo nina deni. Nimekwisha kulilipa mara mbili kwingine, na bado linanisumbua, kwa hiyo nalileta na hapa gazetini.

Dominika ile Injili ilikuwa ya tajiri na Lazaro, Luka sura ya 16. Ni Injili ambayo mapadre tunaipenda kwa sababu karibu inajihubiri yenyewe. Mimi nikaona haitoshi, nikaiongezea chumvi. Nikawaambia waamini kwamba hata katika parokia yetu wapo wanaowaokea mbwa biskuti wakati jirani analala na njaa. Kanisa zima likacheka. Nami nikafurahi, maana kicheko cha waamini ni kitamu kwa mhubiri kuliko hata sadaka nono. Sikutaja jina. Lakini mtaani kwetu anayeoka biskuti za mbwa ni mtu mmoja tu, na kila aliyecheka alijua ni nani.

Wiki tatu sikumwona katika Misa ya kwanza. Mwenyekiti wa jumuiya yake ndogo ndogo akaniambia kwamba hata Jumamosi kwenye sala haji. Ndipo nikaenda.

Ni mama wa miaka 70 na ushee, mjane, mwalimu mstaafu. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba," kama wafanyavyo wazee wetu wasipotaka kupokea shikamoo ya padre. Chini ya kiti chake alilala mbwa mdogo mweupe mwenye manyoya, wa kilo 4 hivi, wa aina ile tunayoiita mbwa wa Kizungu. Binti yake alimwacha pale aliposafiri kwenda kufanya kazi ng'ambo. Tulizungumza habari za mvua, za bei ya mkaa, za kwaya. Kisha akaniuliza bila kunitazama: "Baba, kumpikia mbwa ni dhambi?"

Nilishindwa kujibu. Nikamwomba anionyeshe anachopika.

Mwanzoni, alisema, alimpa mbwa masalia ya mezani kama tufanyavyo wengi: pilau, mchuzi, mabaki ya rosti. Baada ya sherehe moja ya kipaimara alimmiminia mchuzi mzito uliojaa vitunguu. Siku chache baadaye fizi za mbwa zilikuwa zimepauka na mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi. Daktari wa mifugo akamweleza kwamba kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kwa mbwa mdogo kiasi kidogo tu kinatosha kumdhuru. Akamwonya pia juu ya zabibu, chokoleti, peremende na jojo zilizotiwa zailitoli badala ya sukari, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Chakula cha mbwa cha dukani kinachotoka nje pensheni yake haikimudu. Basi akanunua sufuria ndogo.

Ndani yake anapika wali laini, nyama ya kuku isiyo na ngozi wala mfupa, karoti na boga. Haweki chumvi wala kitunguu. Maganda ya mayai anayachemsha, anayakausha na kuyasaga, kisha anatia kiasi alichopimiwa na daktari, kwa kuwa mbwa anayekula nyama na wali tu hukosa kalisi na mifupa yake hulegea. Maini humpa kidogo, kwa siku chache. Tumbo la mbwa wa namna ile ni dogo, lakini kwa kila kilo ya mwili wake anahitaji nguvu nyingi kuliko mbwa mkubwa, hivyo hula mara tatu kwa siku. Kalori 300 hivi zinamtosha kutwa, na biskuti zisizidi sehemu moja ya kumi ya hizo. Mwalimu ni mwalimu. Yote haya ameyaandika kwenye daftari la mistari, na vipimo vyake ni kwa kijiko.

Biskuti zenyewe ni dagaa walioloweshwa kuondoa chumvi, wakakaushwa na kusagwa, wakachanganywa na unga wa ngano, yai na boga lililopondwa. Anazikata ziwe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba na kuzioka kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Nilionja moja. Inahitaji chumvi, lakini nimewahi kula vibaya zaidi seminarini.

Nikiwa nimekaa pale nikawakumbuka mbwa wetu wa parokia. Wako wawili, walinzi, mchana wanafungiwa bandani, jioni wanapewa ukoko wa ugali mtupu. Nikakumbuka pia gunia la mahindi ya sadaka lililoota ukungu, na jinsi nilivyosema mwenyewe, "Hayo yasagwe kwa ajili ya mbwa." Ukungu ule una sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya sumukuvu iliua watu 125 waliokula mahindi ya namna hiyo, na ini la mbwa halina kinga kuliko la kwetu. Kwa hiyo mimi niliyemcheka anayempikia mbwa wake, nilikuwa nawalisha wangu sumu.

Kuhusu swali lake, Kanisa limekwisha kusema, na laiti ningalifungua Katekisimu kabla ya kupanda mimbarini. Kuanzia namba 2416 inafundisha kwamba tunawiwa wanyama upole. Namba 2418 inakata kuwili: kumtesa mnyama bure ni kinyume cha heshima ya mwanadamu mwenyewe, na vilevile haifai kumtumia mnyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Mnyama apendwe, ila asipewe mapendo wanayostahili watu tu. Hayati Papa Fransisko naye, katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022, aliwalalamikia wanandoa wanaoweka mbwa na paka mahali pa watoto. Sikanushi neno hata moja. Nimeingia nyumba ambamo dada wa kazi anampikia mbwa nyama asiyoruhusiwa yeye mwenyewe kuionja. Hiyo ndiyo ningeihubiri Dominika ile, na kwa nyumba za namna hiyo sikuwa na ujasiri. Nilichagua mjane.

Yuko pia yule mwanamke Mkanaani, Mathayo 15. Bwana anamwambia juu ya chakula cha watoto na mbwa, naye anajibu kwa habari ya makombo yanayoanguka mezani. Katika tafsiri tulizozoea tunasoma "mbwa" tu. Lakini neno la Kigiriki pale, kwa Mathayo na kwa Marko pia, ni kunaria, yaani mbwa wadogo. Wale walioramba vidonda vya Lazaro wanatajwa kwa neno jingine, la mbwa wa kawaida. Hawa wa Mkanaani ni wadogo, wamo ndani ya nyumba, chini ya meza, miguuni pa watoto. Na kwa Marko, sura ya 7, kuna neno ambalo nilifaulia mtihani na nikalisahau: watoto washibe kwanza. Kwanza! Pana zamu, na mbwa naye yumo katika zamu hiyo.

Mama yule hajasoma Kigiriki. Aliniambia kwamba yuko mtoto wa jirani, wa darasa la tatu, anayekuja kumsaidia kukanda unga wa biskuti. Siku moja aliomba kuonja. Akampa, kwa kuwa hamna ndani kitu kisicholiwa na mtu. Akaomba ya pili, na ya tatu, na ya nne. "Hapo ndipo nikajua, Baba, kwamba haonji. Ana njaa." Tangu siku hiyo ana sufuria mbili jikoni, na sahani ya mbwa haiwekwi chini kabla sahani ya mtoto haijawekwa mezani. Hakumwambia mtu yeyote. Familia ya mtoto huyo inaishi hatua 200 kutoka nyumba ya mapadre, na sikuwa nalijua hata jina lao.

Nikamwomba msamaha pale pale. Alinyamaza kwa muda, akimkuna mbwa kichwani kwa ncha ya kidole. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyesahihisha madaftari miaka 35: "Ulinisema mbele ya watu, Baba. Msamaha unaniomba sebuleni."

Dominika iliyofuata, baada ya Injili, nilisimama nikawaambia waamini kwamba nilimdhihaki mwenzao bila kujua anachofanya, na kwamba kosa lilikuwa langu. Sikusimulia habari za mtoto, maana si zangu kusimulia kanisani. Hapa nimezieleza kwa ruhusa ya mama yake. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa Baraza la Walei aliniambia baadaye kwamba padre hapaswi kujishusha hivyo. Sikubishana naye.

Amerudi. Anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kwa sababu mbwa amejifunza kutoroka uani na kumfuata. Katika Kitabu cha Tobiti mbwa wa kijana Tobia anaandamana na bwana wake na malaika, na anarudi naye hadi nyumbani, na hakuna anayeuliza kwa nini yumo safarini. Huyu wetu hungoja nje chini ya mwarobaini. Wakati wa matangazo husimama na kutazama mlango, na hapo najua kwamba nimezidisha maneno.